Pikapu Iliyolala na Mbuzi wa Eddo Halima

Nakumbuka asubuhi moja hapa mtaani Iftin, mwanangu, nikiwa kijana mwenye nywele nyingi na akili kidogo, nilibandua stika ya bima kwenye kioo cha pikapu yangu nikaitupa. Nilijiona mjanja kuliko wachumi wote wa Afrika Mashariki. Nakusimulia haya kwa sababu mama yako amenidokezea kwamba tangu uanze kufanyia kazi nyumbani kwa kompyuta, gari lako limekaa tu uani, na sasa unataka kuachana na bima kabisa. Keti kwanza. Chai ipo.

Pikapu yangu ilikuwa ya kazi. Nilipakia mchele na vitambaa Liboi, kule mpakani, nikashusha hapa Garissa, safari nne kwa wiki, na kwa mngurumo wake, wallahi, ngamia wa Wajir walikuwa wakigeuza shingo. Bima yake ilikuwa ya gari la mizigo, na hiyo ni ghali. Kisha nikaoa, nikafungua duka, na mwanamume aliyeoa juzi hana hamu ya safari. Pikapu ikalala. Kuku wa mke wangu wakahamia ndani, wakataga kwenye kiti cha dereva. Hata hivyo, mwaka ulipoisha nikalipa bima ileile ya mizigo. Aibu tu, mwanangu. Nilidhani nikimwambia ajenti kwamba siendi tena Liboi, mji mzima utasema nimefilisika.

Mwaka uliofuata nikaruka upande wa pili. Sikumwona ajenti, sikuuliza mtu, nikaacha bima yote.

"Na ukimgonga mtu?" mke wangu aliniuliza.

"Nina ukoo," nikamjibu, kifua mbele. "Ukoo wangu ni bima tosha. Hauna fomu, hauna stika."

"Haya, mwenye ukoo," akasema, akaenda kuokota mayai yake.

Alhamisi moja nikawafukuza kuku, nikawasha pikapu niende kuchukua gunia la sukari la dukani. Hapo tu, mwendo wa dakika tano. Nilikuwa nikirudi nyuma kutoka kichochoroni nilipougonga mkokoteni wa punda wa Abdi, kijana muuza maji. Madumu yakapasuka, maji yakatapakaa, na Abdi mwenyewe akaanguka chini ya gurudumu la mkokoteni wake. Mguu ukavunjika mahali pawili. Punda hakuumia, alisimama akanitazama kama hakimu. Hospitalini daktari alisema mguu utatiwa chuma, na kijana hatafanya kazi kwa miezi. Mama yake na wadogo zake watatu walikuwa wakila kwa mkokoteni ule.

Ukoo ukakutana. Adeer Yusuf, ndugu yake baba yangu, akaitisha qaraan, ule mchango wetu wa kumwokoa mtu aliyepatwa. Unajua kwetu hakuna anayeukataa. Kila mtu alitoa, hata walionisalimia kwa ncha za vidole tu. Nami niliketi pembeni, bado nikijiambia, unaona, si nilisema ukoo unatosha?

Siku ya pili nikamwona Eddo Halima, shangazi yangu mjane aliyenilea, akitoka soko la mifugo. Alishika kamba mkononi, na kwenye kamba hapakuwa na mbuzi. Alikuwa na mbuzi mmoja tu wa maziwa, na maziwa yale yalikuwa ya chai ya wajukuu wake.

"Eddo, mbuzi yuko wapi?"

"Ameenda kwenye mguu wa Abdi," alisema, akitabasamu.

Nililia, mwanangu, machozi ya kufurisha Mto Tana. Akaniketisha kwenye kizingiti chake.

"Waryaa, wewe kijana, nisikilize. Ukoo ni wa mtu aliyefanya yote aliyoweza, kisha akazidiwa. Wewe hukufanya lolote. Umemfanya mbuzi wangu bima yako, na hukuniuliza." Akanifuta uso kwa mtandio wake. "Sasa nenda kamwone huyo ajenti kabla sijakuchapa kwa kamba hii."

Nikaenda. Ajenti, mtu wa Mwingi, mcheshi mwenye tumbo kubwa, aliposikia habari zote alishika kichwa.

"Boss, kumbe hubebi mizigo tena? Si ungesema tu! Ukiniambia ukweli nakupunguzia. Ukinidanganya, siku ya ajali utanitafuta hunioni."

Akaihamisha pikapu kuwa gari la binafsi, akanipa bima ndogo, ile inayomlinda mtu utakayemuumiza barabarani, ya kulipa mwezi kwa mwezi. Haikufika nusu ya ile ya zamani. Kwa nilichookoa nikamnunulia Eddo mbuzi mwingine. Alimkagua meno kana kwamba ananunua ngamia kumi. Abdi alipona, lakini hadi leo huchechemea kidogo, na mguu ule sikuweza kuununua popote.

Kwa hiyo, mwanangu, kupunguza gharama si dhambi. Kabla bima yako haijaisha, mpigie ajenti umwambie gari sasa linatembea kiasi gani, linalala wapi, linabeba nini. Muulize bei ya gari linalotumika kidogo. Nasikia zipo kampuni zinazotoza kwa kilomita. Ukitaka takaful, ile bima ya Kiislamu, ulizia pia. Lakini ukisema ni gari la binafsi, usiniletee habari za kubeba abiria wa kulipa kwenda Bura. Na gari lisilo na bima usilitoe langoni hata kwa dakika tano. Sheria inakataza, na mimi nakataza zaidi ya sheria. Usione haya kusema umepunguza safari. Aibu yangu iliwagharimu watu ambao hawakuwa na kosa.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na kila atakayepita mbele ya gari lako. Akupe riziki isiyomliza mtu, na watu wa kukupenda hata unapokosea. Amin, mwanangu. Kunywa chai, inapoa.