Mashine Iliyorudishwa Mbarara

Jibu lake la kwanza dada yangu alisomewa na jirani yetu, mama wa kwaya, kwa sababu dada haoni na siku hiyo mimi nilikuwa shambani. Alikuwa ameomba kuhamishiwa nchi ya mbali ambako binti yake alikuwa ametangulia. Jibu lilikuwa hapana. Jirani hakuwa mtu mbaya. Alifanya tu tunavyofanya sisi Waprotestanti tuliotoka Kivu ya Kusini, Kongo: shida ya mtu kwetu ni suje, jambo la kuombewa na wote, na suje haifichwi mfukoni. Jumapili akasimama kanisani akaitaja, na kabla ya jua kutua nusu ya Kashojwa, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi, ilikuwa uani kwetu. Walileta unga, wakaketi, wakaimba nyimbo za msiba. Dada akawapikia chai watu waliokuja kumlilia ndege aliyoikosa.

"Hata kulia, balinitangulia," aliniambia walipoondoka. "Mimi sikupata fasi."

Akakata rufaa, akaanza kungoja jibu la pili. Hilo alitaka alisikie yeye kwanza, peke yake. Hakuomba kingine.

Ilikuwa miaka ile simu za kioo zilipoanza kuonekana Nakivale, kambi yetu hapa Uganda. Serikali ikataka kuweka mashine kwenye ofisi ya wakimbizi pale Base Camp: unaingiza namba ya kadi yako, kioo kinakuonyesha faili yako imefika wapi. Kabla haijanunuliwa, akaja mama mmoja kutoka ofisi za serikali za Kamukuzi, mjini Mbarara. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mitambo inayonunuliwa na serikali inaweza kutumiwa na watu wote, wenye ulemavu wakiwemo. Sisi tulikwisha kuwazoea wageni wa mikutano: soda, picha, kwaheri. Huyu hakuleta soda. Aliwaita wasioona, wasiosikia na wanaotembelea viti vya magurudumu, akamuuliza kila mmoja anataka nini.

Dada akasimama. "Madame, minataka mambo yangu niyasikie mimi peke, mbele muntu mwingine hayasikie."

Yule mama akayatia hayo katika masharti ya tenda: kila mtu aweze kuitumia mashine mwenyewe, bila kusomewa, na siri yake ibaki yake. Tena muuzaji asilipwe mpaka wenye ulemavu wenyewe waijaribu na waridhike.

Tenda ikamwangukia bwana mmoja wa kompyuta, mchangamfu, shati limenyooka. Siku ya majaribio foleni ilifika kwenye mahindi. Dada akawekwa wa kwanza. Akapapasa vitufe, akabonyeza, na mashine ikanguruma kwa spika iliyotosha mkutano wa injili: "Ombi lako linashughulikiwa!"

"Amina!" foleni nzima ikajibu.

Wala haikuwa faili yake, ilikuwa ya majaribio tu, lakini nani aliuliza? Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa ameshafumba macho na kuanza kuomba. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Dada hakucheka.

"Hii njo kanisa ya pili," akasema.

Muuzaji alishangaa kwa dhati. Si mlitaka iseme? Inasema! Akamgeukia yule mama wa Kamukuzi, akamweleza kwa upole kwamba watu hawa wanapendana na hawafichani kitu, na kama sauti inasumbua, basi awekwe mtu mmoja mwaminifu wa kuwasomea.

"Ssebo, bwana," yule mama akamjibu, "faili yako ya hospitali, nani nasoma kwa redio? Mimi hapana weka saini. Rudisha Mbarara."

Hapo ndipo foleni iligeuka. Wenye macho yao mashine iliwafaa kabisa, na sasa walikuwa wanaitazama ikipandishwa tena kwenye pikapu. Kwa ajili ya mtu mmoja! Walisema hivyo, na kwa sauti. Aibu ilinipanda, nikamnong'oneza dada, kama tunavyomwita mkubwa kwetu, "Yaya, acha tu, uikubali." Akasogea kusimama karibu na yule mama. Yule mama naye simu yake haikunyamaza, nadhani wakubwa walikuwa wanauliza kulikoni, na kila alipojibu nilimsikia akirudia neno lilelile: hapana. Ningekuwa mimi, ningesaini nikale chakula cha mchana. Mpaka leo nikiwakumbuka wanawake wale wawili wamesimama kwenye vumbi la pikapu, najisikia fahari kama vile nilifanya kitu.

Majuma yaliyofuata yalikuwa machungu. Kwenye bomba watu walimpita kana kwamba hawamwoni, na asiyeona alikuwa yeye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Dada alivumilia.

Mashine ilirudi tulipokuwa tumemaliza kuvuna maharage. Meza imeshushwa ili mwenye kiti cha magurudumu aifikie, vitufe vina alama za kupapasa, na sauti inatoka kwenye spika ndogo za masikioni. Muuzaji, nimpe haki yake, hakununa. Alijifunga macho kwa leso yake mwenyewe, akatuonyesha jinsi alivyofanya mazoezi. Dada akajaribu, akarudia, akasema imetosha. Ndipo yule mama akasaini.

Siku jibu la pili lilipoingia nilimfikisha dada mlangoni, akaniambia nibaki hapohapo. Nilimwona kwa mgongo tu: ameinamisha kichwa, spika masikioni, kidole kinabonyeza ili asikilize tena. Alipotoka akataka tupitie sokoni kununua chumvi. Akawasalimu hata waliomlaumu, akataniana na muuza dagaa. Nikajua amekubaliwa. Njia nzima niliuma ulimi, nikawaza nitalima na nani akishaondoka.

Aliniambia mwenyewe wiki iliyofuata, tukichambua maharage. Jibu lilikuwa hapana, na hakuna rufaa nyingine. Machozi yakanitoka palepale. Akanyoosha mkono, akanitafuta uso, akanipa pembe ya kitenge chake.

"Lia, mudogo wangu," akasema. "Mimi nilisha maliza."