Mwavuli wa Jeshi Nilioushona Gongoni

Ndugu wasomaji, nichekeni tu. Wakati wa vita, wataalamu Wazungu wa serikali ya kikoloni waliokuwa wakijaribu vifaa vya jeshi hapa Tabora walitafuta mafundi wadogo wa kushirikiana nao. Mimi, fundi cherehani wa Gongoni, nikapewa kitambaa cha hariri kilichochanika, kikubwa kuliko nyumba yangu.

“Ukikishona vizuri, fundi, kazi zitakuja nyingi,” mkalimani wao akaniambia.

Nikashona kila mpasuko. Katikati nikakuta tundu la duara, nalo nikaliziba kwa ufundi wangu wote.

Siku ya majaribio wakanialika uwanjani. Ndege ikadondosha gunia la mchanga, mara kitambaa changu kikajaa upepo juu yetu, kumbe ni mwavuli wa kushushia mizigo! Machozi yakanitoka. Mshono wa Gongoni, angani! Kisha ukaanza kupepesuka kama mlevi, hadi gunia likaangukia meza ya chai ya wakubwa. Nikapiga makofi peke yangu.

Mzungu mkuu akaukunjua, akapapasa katikati, akafoka.

“Anauliza tundu la kupitishia upepo liko wapi,” mkalimani akasema.

“Nimeliziba, bwana,” nikajibu kwa fahari. “Hata mshono hauonekani!”