Vidonge vya Jumamosi

Mama yangu alikuwa na mgongo mbaya, na mimi nilikuwa na kazi dukani. Makosa yangu yalianzia hapo, na sitaki mtu anisaidie kuyapunguza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati sisi tuliohamia Eldoret kutoka upande wa kati tulikuwa na neno moja tu mdomoni: shamba. Wazungu walikuwa wanauza na kuondoka. Watu wakajiunga katika makampuni, wakanunua pamoja, kisha wakagawana. Mama, aliyekuwa mjane, aliingia na hisa yake, akapata sehemu upande wa Moiben. Ilikuwa msitu wa miwati uliokatwa, vikabaki visiki. Kamati ikatoa sharti moja: siku wajumbe watakapopita kabla ya masika, sehemu ambayo haijasafishwa itapewa mwanachama mwingine.

Nisiseme uongo, shamba lile nililitaka kuliko yeye. Nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume nikiwa na sanduku moja, na mwanamke wa namna yangu siku zile hakuna aliyemgawia hata pembe ya kupanda sukuma wiki. Mama aliniambia, "Maitu, hii ikisimama, nusu ni yako." Aliniita maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Niliyashika maneno yale kwa mikono miwili.

Yeye akahamia huko kwenye kibanda cha mabati. Mimi nikabaki mjini, nikiuza katika duka la mzee mmoja Msomali. Kila Jumamosi baada ya kufunga nilipanda lori lililokwenda kuchukua mahindi, nikalala kwake, nikarudi Jumapili jioni. Jumamosi ya pili nilimkuta amelala kifudifudi kwenye nyasi, sururu kando yake, hawezi kuinuka. Alikuwa amepambana na kisiki kimoja siku tatu.

Wiki iliyofuata nikamletea vidonge vya maumivu kutoka dukani, vile vyeupe, nimevifunga kwenye kipande cha gazeti. Alimeza viwili. Haukupita muda akasimama, akajinyoosha, akanitazama kama mtu aliyeibiwa kitu na kurudishiwa. Kabla ya jua kutua kisiki kile kilikuwa nje, mizizi juu.

"Hii dawa imenirudishia usichana!" akasema. Akawaita majirani waje waone. Mimi nilitembea pale shambani kifua mbele, ungedhani ni mimi niliyeitengeneza.

Viwili vikawa vitatu, asubuhi na mchana. Ili awahi kazi alichemsha chai ya rangi, nzito, akavimeza nayo na kutoka bila kutia kitu kingine tumboni. Kupika, alisema, ni kupoteza jua. Jioni alikuwa amechoka hata kuwasha moto ni shida, kwa hiyo ni chai tena. Nilimpelekea unga, maharagwe na mafuta. Jumamosi iliyofuata nilivikuta kama nilivyoviacha, fundo halijaguswa. Nilimgombeza sana. Mdomo wangu ulimgombeza kuhusu maharagwe, na mkono wangu ukampa vidonge.

Mwili wake ulisema kila kitu, mimi ndiye nilikuwa sitaki kusikia. Sketi aliifunga kwa kamba ya katani. Viganja vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeloweka nguo kutwa nzima. Alikuwa akipiga sururu mara tano, anaketi, anahema, ngumi ameibana chini ya kifua. "Kiungulia tu," alisema. Asubuhi moja alitoka chooni akicheka, akaniambia choo chake kimekuwa cheusi kama udongo wa shamba lake. "Hata tumbo limekuwa mkulima!"

Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengi, kwamba nilicheka kwa sauti.

Nililipenda lile jambo hata nikalisimulia dukani. Dresa wa zahanati, kijana mpole aliyekuwa akitibu vidonda na kugawa dawa, alikuja kununua sabuni, nikamsimulia kama mzaha. Hakucheka. Aliiweka sabuni juu ya meza.

"Dada, hiyo ni damu," akasema. "Mama anavuja ndani. Hivyo vidonge vinachubua tumbo, na tumbo lenyewe halina chakula. Aache leo. Umlete hospitali. Halafu mwezi mzima asishike jembe, ni uji na maziwa tu. Umenisikia?"

"Nimesikia," nikasema. Na kweli nilisikia. Sijawahi kujificha nyuma ya kutojua.

Jumamosi ile nilikaa juu ya magunia matupu ya lori nikipanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nikamkuta Mama amesimama katikati ya shamba, udongo umegeuzwa kila upande, mawingu yamejaa juu yake.

"Vitano!" akapiga kelele kabla sijafika. "Vimebaki vitano, maitu! Wakija Alhamisi hawana la kusema!"

Nikamwangalia. Midomo yake haikuwa na rangi. Nikaangalia vile visiki vitano, na ng'ambo yake sehemu ya jirani, safi, imeshalimwa. Akanyoosha mkono.

"Umeniletea?"

Nilikuwa nimeleta. Mtu aliyekuja kumkataza mama yake dawa alikuwa nayo mfukoni, imefungwa kwenye gazeti kama kawaida. Nimewahi kujieleza kwamba niliibeba kwa mazoea, na hata mimi mwenyewe sijiamini. Nikajiambia siku tano ni chache, baada ya Alhamisi atakunywa uji hadi achoke. Nikampa. Akavifunga kwenye pembe ya leso yake, akashukuru.

Nilishika sururu nikachimba kama kichaa hadi Jumapili jioni. Nikang'oa viwili. Vitatu nikamwachia, nikapanda lori nikarudi mjini kuuza chumvi. Ningeweza kuomba ruhusa. Mzee wangu wa duka hakuwa mtu mbaya, angenipa. Sikuomba.

Alhamisi wajumbe walipita, wakalisifu shamba, wakaandika jina lake. Ijumaa alianguka akibeba maji, akatapika damu. Majirani wakamleta hospitali kwa trela ya trekta, amefunikwa magunia. Daktari akataka kujua nani alikuwa akimpa vidonge vyote hivyo. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Kabla sijafungua mdomo, Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nilijinunulia mwenyewe. Huyu hajui kitu."

Nikanyamaza mara ya pili.

Walimkata sehemu ya tumbo. Aliishi miaka kadhaa baadaye, lakini jembe hakulishika tena, na chakula chake kilikuwa uji mwepesi, kikombe kidogo kidogo, kama mtoto. Mavuno ya kwanza nilipika githeri, mahindi na maharagwe ya pale pale penye visiki. Aliomba kuonja. Akatafuna, akatafuna, kisha akatoa mdomoni akawatupia kuku. Nilikula sahani yangu mbele yake. Ilikuwa tamu, nikaongeza.

Nilimwambia mwaka wa tatu, mchana mmoja tukipukuchua mahindi uani. Nilisema yote: dresa, sabuni, maneno niliyopanga kwenye lori, vidonge mfukoni. Yeye aliendelea kupukuchua hadi hindi likaisha.

"Unadhani ningeacha?" akasema. "Vimebaki visiki vitano? Ningevimeza tu."

Nikashusha pumzi. Nilidhani nimesamehewa, na niseme ukweli, nilianza hata kutabasamu.

"Lakini ningevimeza nikijua," akasema. "Tumbo lilikuwa langu, maitu. Hukuniuliza."

Akanyoosha mkono nimpe hindi lingine. Nikampa.