Gari la Umeme na Njia ya Makunduchi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya petroli. Mbele yangu mwalimu kijana alikuwa akimwonesha dereva wa teksi picha kwenye gazeti la nje: gari linalokwenda kwa umeme, bila ya tone la petroli.

"Unalitia umeme nyumbani, unaondoka," alisema.

Dereva, mtu mzima, alifuta mikono kwanza ndipo akalishika gazeti.

"Likishajaa, linafika wapi?"

"Mjini utazunguka siku nzima. Makunduchi utafika, lakini kurudi itabidi ulitie tena."

"Nilitie wapi, mwalimu? Huko umeme haujafika."

Mwalimu alicheka. Dereva hakucheka. Alisema mwezi uliopita alikwenda Makunduchi kumchukua binti yake. Uchungu ulikuwa umemshika, na mkunga alitaka apelekwe hospitali ya mjini. Petroli siku hizo ilikuwa ya shida, ikamwishia njiani. Alikaa kando ya barabara amemshika mkono mpaka lilipopita lori.

"Mama kapona. Mtoto hatukumpata," alisema, akirudisha gazeti. "Hili langu limenizimikia mara moja. Hilo lako ndiyo desturi yake."

"Nisamehe, mzee," alisema mwalimu.

Mimi sina ugomvi na gari hilo. Kwa kwenda sokoni na kurudi lingetufaa sana. Ila natamani aliyelitengeneza angewauliza kwanza wanaoishi mbali na soko.

Foleni iliposogea, dereva hakuliwasha gari lake. Alilisukuma kwa bega, na mwalimu akamsaidia.