Dirisha la Kogo katika Kiwanda cha Sufu

Juzi nilirudi Merigi kwa harusi ya binamu yangu, na nywele zangu zilikuwa aibu tupu. Nikaelekezwa saluni mpya nyuma ya soko. Nilipofika mlangoni nilicheka peke yangu. Saluni gani! Hiki kilikuwa kiwanda cha sufu, rafiki yangu, na mimi nimekulia humo.

Siku hizo, kabla majani chai hayajameza malisho yote, kila boma lilikuwa na kondoo. Sufu ilifika kiwandani kwa magunia. Sisi watoto tuliichambua, tukitoa miiba na mavi yaliyokauka, halafu tukapewa chai ya maziwa na mahindi ya kuchemsha. Mikono ilinuka kondoo mpaka Jumapili. Kogo, yaani nyanya yangu, alisokota uzi kando ya dirisha, na gurudumu lake lilinguruma mchana kutwa. Alikuwa na mdomo, huyo! Ukiacha mwiba mmoja, alikuuliza kama blanketi ni la kufunika mtu au la kumfukuza kitandani.

Kondoo walipouzwa, kiwanda kikafungwa. Ikaja mashine ya kusaga mahindi, na Kogo akileta debe lake alisubiri palepale dirishani, akirudi nyumbani mweupe kwa unga. Kisha likaja kanisa. Hapo sasa palikuwa na kazi, maana pahali pa gurudumu paliangukia mbele kabisa, ubavuni mwa mimbari. Kogo alikuja na kigoda chake, akakaa.

"Mama, hapa ni ya wazee wa kanisa," pasta akamwambia mbele ya watu wote.

"Pasta, mimi nimekaa hapa miaka mingi. Wewe umekuja juzi tu. Nikitoka, nani atajua sisi akina mama tulifanya kazi hapa?"

Watu waliangua kicheko, lakini mimi niliyekuwa karibu naye niliona macho yamelowa. Aliogopa kusahaulika. Pasta naye aliona, kwa sababu alisogeza mimbari, na tangu siku hiyo alihubiri kutoka pembeni huku Kogo akisinzia kwa raha zake.

Kogo alishatuacha. Kanisa limehamia jengo lake jipya la mawe, na kondoo sikuona hata mmoja njia nzima kutoka Bomet. Nilisimama pale mlangoni nikamkumbuka.

"Karibu, auntie, keti hapa kwa dirisha," msichana wa saluni akaniita. "Hapa ndio kuna mwanga. Tunasuka na nini? Niko na rasta, niko na sufu."

"Sufu," nikasema haraka.

Akaanza kukata nyuzi. Nikamuuliza kama anajua nyumba hii ilikuwa ya nini.

"Si ilikuwa kanisa?"

"Na kabla ya kanisa?"

Akatikisa kichwa. Nikajiweka sawa kitini, pahali pa Kogo, nikamwambia asuke polepole.