Wasia Ambao Kaka Yangu Hakuuacha

Nimewafundisha watoto wa Kilwa Kivinje historia kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na kila darasa lililopita mikononi mwangu nimeliambia kwamba mataifa hayaharibiwi na uongo mkubwa. Uongo mkubwa huonekana na kupingwa. Huharibiwa na ule mdogo, unaosemwa kwa tabasamu, ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeona sababu ya kusumbuka nao. Niliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayesimulia mambo ya nchi za mbali. Sikutazamia kwamba ningeushuhudia uongo wa namna hiyo ukizaliwa katika ua wa nyumba yetu, mbele ya jeneza la kaka yangu.

Kaka alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama. Chama chetu ni cha wahafidhina, na hatujapata kuliona jina hilo kuwa tusi. Tunaamini kwamba lililojengwa kwa taabu lisibomolewe kwa pupa, na kwamba mtu asiyejua kutii hafai kuamuru. Mwaka ule chama kilikuwa kinatafuta mgombea wa urais. Waliotaka kuteuliwa walizunguka mikoani kuomba wadhamini, maana hakuna jina linalofika mezani kwa wakubwa bila saini za wanachama wa kawaida. Kila mwenye kadi humdhamini mtu mmoja tu, na akishatia saini hawezi kuifuta. Kaka aliiita saini hiyo amana, na alilitamka neno hilo kama linavyotamkwa msikitini.

Majina yaliyotufikia huku yalikuwa matatu. Wa kwanza alikuwa Waziri, mtu wa barabara na madaraja, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyelelewa na chama tangu usichana wake, aijuaye katiba yake kwa moyo. Wa tatu alikuwa Jaji mstaafu, mkavu wa maneno, aliyesifika kwamba hakupata kula kwa mtu mwenye kesi. Mimi nilikuwa wa Jaji. Nilimtetea kila siku baada ya sala ya alasiri, tulipokaa barazani na kaka tukinywa kahawa.

"Jaji wako hajawahi kulima hata tuta la mihogo," kaka alinichokoza siku moja.

"Hatumtafuti mkulima. Tunamtafuta mtu ambaye neno lake halina pande mbili."

"Na Waziri?"

"Waziri anaahidi daraja hata pasipo na mto."

"Mama je?"

"Mama ni msafi, lakini anawaogopa waliomlea. Hatawakemea."

Kaka alicheka, akapuliza kahawa yake. "Umewamaliza wawili kwa pumzi moja. Maskini huyo wa tatu, amebebeshwa mzigo wa umalaika."

Mara nyingi katikati ya mazungumzo hayo alipita mtani wetu. Alikuwa mwanamke wa rika la kaka, mzaliwa wa Kikole, muuza ng'onda sokoni. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Kwa msomaji asiyelelewa katika desturi hiyo, nieleze kwamba mtani anaruhusiwa kututukana, kutunyang'anya sahani mkononi na kutuzulia lolote, nasi hatuna ruhusa ya kukasirika. Msiba ukitokea, ndiye anayekuja kutuchekesha.

"Tazama wachawi hawa," alisema, akitua beseni lake. "Kunguni wamewashinda kitandani, wanamtafutia mtu Ikulu!"

"Pita zako, samaki wako wananuka," kaka alijibu.

"Wananuka kuliko chama chako? Haya niambie, mwenyekiti, unamtaka nani?"

Kaka alijimiminia kahawa nyingine. Mtani alipoondoka, nami nilimuuliza swali hilo hilo, safari hii bila mzaha. Alinijibu akinitazama machoni.

"Nitasema siku ya kutia saini, baada ya wote kutia zao. Nikisema leo, tawi zima litanifuata, na hakuna atakayefikiri. Sitaki kuwatilia watu saini kwa mdomo wangu."

Hicho ndicho alichokuwa nacho kaka yangu. Hakuwa na mali ya kutajwa, shamba la ufuta tu kule Kiranjeranje. Alikuwa na neno lake, na alilizuia makusudi ili wengine wawe na lao.

Alifariki kabla ya siku hiyo kufika. Aliporudi kutoka sala ya alfajiri alilalamika kifua, akajinyoosha mkekani, akawa ametutoka.

Jaji alikuwa Kilwa Masoko siku ile, akikusanya saini zake. Aliposikia, aliahirisha mkutano akaja Kivinje kuzika. Nakiri kwamba katikati ya kilio changu nilijisikia fahari. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliketi mkekani na wavuvi, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, akakataa kiti alicholetewa. Nikasema moyoni: huyu ndiye niliyemwelezea kaka.

Maiti ilipokwisha kukafiniwa na jeneza kuinuliwa, mtani alijitupa mlangoni akaziba njia. Alikuwa amevaa kofia ya kaka na miwani yake. Alikohoa kama kaka alivyokohoa akifungua kikao, akainua kidole kile kile.

"Ndugu wajumbe! Mimi mwenyekiti wenu sitoki humu mpaka nimalize ajenda. Mnanipeleka wapi na saini sijatia?"

Kicheko kilipasuka ua mzima. Hata mjane wa kaka, aliyekuwa hawezi kusimama, aliinua uso.

"Ajenda ya urais," mtani aliendelea. "Waziri simtaki, ataniwekea lami kaburini, siku ya kufufuliwa nitatokea wapi? Mama simtaki, atauliza kwanza kama chama kimeniruhusu kufa. Mimi mwenyekiti namchagua Jaji! Namchagua Jaji kwa sababu ni mkavu kama ng'onda, yeye na mimi wote maiti, tutaelewana!"

Watu walishika mbavu. Mzee mmoja alimtupia mtani kanga mpya, kama desturi inavyotaka, ndipo akaachia njia, akavua kofia na miwani, akaanza kulia kilio cha kweli. Nilimtazama Jaji. Alikuwa akitabasamu nyuma ya kitambaa chake. Alikuwa ameelewa, maana msaidizi wake alikuwa amemwinamia sikioni na kumweleza utani ni nini. Jeneza likatoka.

Sisi tuliolelewa katika utani tulifanya kosa ambalo labda ni sisi tu tungeweza kulifanya. Tuliamini kwamba maneno ya mtani hayana maisha nje ya ua yaliposemewa, kwamba jeneza likivuka kizingiti nayo yamekwisha. Vijana waliokuwa na simu zao juu niliwaona. Sikuwafikiria.

Kesho yake binti wa kaka aliniletea simu chumbani, nitazame picha ya video. Mtani alionekana kwa nyuma tu, hata usingejua ni mwanamke. Sauti ya kaka, jinsi alivyoiiga, ilisema: "Mimi mwenyekiti wenu sitoki humu mpaka nimalize ajenda. Mimi mwenyekiti namchagua Jaji." Hapo pakakatwa. Kicheko kilikuwa kimeondolewa. Chini yake yaliandikwa maneno kwamba mwenyekiti wa Kivinje alitoa wasia huo mbele ya wajumbe wake.

Nilidhani ni upuuzi wa vijana wa kampeni. Nilimwambia binti yetu kwamba Jaji akiiona ataikanusha kabla jua halijatua. Jua lilitua. Siku iliyofuata, redio ilileta hotuba yake ya Lindi mjini. Nilikuwa nachambua mchele wa wageni wa msiba. "Kwenye msiba wa mwenyekiti wa Kivinje, Mungu amrehemu, nimeachiwa wasia," ilisema sauti ile ya chini, iliyosoma Fatiha mkekani petu. "Mimi ni nani nikatae wasia kama huo?"

Ungo uliniponyoka. Mchele wote ukamwagika sakafuni na hakuna aliyeniuliza kitu, maana kila mtu jikoni alikuwa amesikia.

Matanga yalipoanuliwa nilikwenda Lindi. Nilimkuta katika nyumba aliyofikia, akinywa chai ya rangi. Alisimama kunipokea, akanipa pole kwa maneno mazuri sana.

"Mheshimiwa," nilimwambia, "ulikuwapo. Ulimwona aliyesema. Ulieleweshwa maana yake, na ulitabasamu."

"Nilikuwapo, Mwalimu."

"Basi kwa nini umesema ni wasia?"

Aliweka kikombe chini taratibu. "Nilisema nimeachiwa wasia. Sikutaja nani aliyetamka. Kila neno nililosema naweza kulisimamia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayekana, au kwa mtu atakayetahayari. Sikujiandaa kwa mtu aliyekwisha kuupima uongo wake na kuukata mahali ambapo sheria isingeushika.

"Ufute, Mheshimiwa. Kaka alinyamaza makusudi, ili watu wake wafikiri wenyewe."

"Je, una hakika asingenichagua mimi?"

"Sina."

"Basi sijamdhulumu." Akanitazama kwa upole wa kweli, na upole huo ndio ulionitisha kuliko yote. "Mwenzangu Waziri anagawa kofia na fulana. Mama ana makada kila wilaya. Mimi nina jina jema tu, Mwalimu. Nisipolisaidia, wataingia wao. Wewe unataka waingie?"

Nilitoka bila kuaga. Mimi niliyekuwa nikiwapanga watatu wale kwa uzito wa tabia zao, nilikuwa nimesahau kujiuliza tabia njema hufanya nini inapojiona inastahili kushinda.

Lilibaki jambo moja. Mkutano wa kutia saini ulikuwa bado, na shahidi alikuwa hai. Nilikwenda kwa mtani nikamkuta amekaa kando ya beseni tupu.

"Nimemuua kaka yako mara ya pili," alisema. Hakunitukana. Tangu nimjue, ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo mbele yangu bila tusi.

"Twende ukaseme."

"Nitasema. Hata Msahafu nitaushika."

Ukumbi wa tawi ulijaa. Kaimu mwenyekiti, mnunuzi wa korosho aliyekuwa swahiba wa kaka, alinipa nafasi. Nilieleza yote kwa ufupi, kisha nikasema yupo mwenyewe, asikilizwe. Mtani alisimama. Alikuwa amejitanda kanga nyeusi, ameinamisha kichwa.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyesema. Mwenyekiti hakusema. Hakumchagua mtu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. "Mtani ameanza tena!"

"Wallahi, sitanii."

Kicheko kikaenea. "Leo ameshukiwa na maiti gani?" mwingine aliuliza. "Kofia iko wapi? Mletee miwani!"

"Nisikilizeni, nawaomba..." Machozi yalimtoka, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Walikuwa wamemwona akilia hivyo katika misiba yetu yote, na siku zote kilio kilikuwa sehemu ya mchezo. Kadiri alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kucheka. Nilisimama nikapiga kelele wanyamaze, mimi ambaye sijapata kupaza sauti hadharani. Walinyamaza kwa heshima yangu.

Kaimu mwenyekiti alisema nami kwa huruma. "Mwalimu, kaa. Nani hapa hajui kwamba ulikuwa utani? Tulikuwapo wote."

"Kama mnajua, mtasemaje ni wasia?"

"Hatusemi sisi. Anasema yeye. Lakini mtu ameacha mkutano wake akaja kutuzikia. Ameketi chini. Wale wawili walituma salamu. Tumnyime saini mtu aliyebeba jeneza letu? Na marehemu kwani atapungukiwa nini?"

Watu waliitikia kwa vichwa. Walikuwa watu wema. Wengi wao niliwafundisha. Walipanga mstari wakatia saini mmoja mmoja, na kila aliyepita mbele yangu aliniinamia na kunipa pole. Mimi sikutia.

Jaji hakuteuliwa hatimaye, wala hilo halikuubadilisha wasia. Ulikwisha kuota mizizi. Nilisikia ukitajwa kisimani na dukani, na watu waliokuwapo uani wakaanza kuusimulia bila kicheko, kana kwamba kumbukumbu zao nazo zimekatwa pale pale ilipokatwa ile picha.

Siku ya arobaini tulisoma hitima. Wanawake tulikaa ndani, mtani kando yangu. Kupitia dirishani ilitufikia sauti ya sheikh akiomba dua, na sisi tukiitikia. Amrehemu. Amin. Amsamehe. Amin. Amnyooshee watoto wake. Amin. Amlipe kheri kwa wasia aliouacha na uongozi aliotuonyesha.

"Amin," tuliitikia.

Vidole vya mtani vilinibana mkono.

"Umeitikia, Mwalimu," alininong'oneza.