Levi na Wimbo Uliokataa Kuvuma

Siku tano za juma Levi alikuwa mhasibu wa Braamfontein, mtaa wa Johannesburg. Jumamosi alikuwa mchunga ng'ombe wa Marekani. Alizaliwa Kinangop, ambako muziki wa country hupendwa sawa na chai ya maziwa, na Johannesburg aliingia na gitaa, kofia pana na huzuni isiyo na sababu. Sababu aliipata mwaka 2016, alipompenda Héritière, msusi katika saluni ya mama yake, Mama Jeannine, kule Yeoville.

Mwanamume mwingine angesema tu. Levi alitunga wimbo. Ulikuwa wa taratibu mno, una mvua, una ng'ombe anayekufa, na mwisho kabisa mwanamume anaposa. Akajiapiza kwamba siku redio itakapoupiga, ndipo atakapomuuliza Héritière kama atakubali kuolewa naye. Aliona msichana mzuri namna ile hawezi kumtaka mhasibu mtupu. Labda angemtaka mwimbaji.

Aliurekodi kwa Pacifique, mpiga gitaa kutoka Lubumbashi mwenye studio nyuma ya duka la vitambaa. Levi aliimba, akamsimulia habari za Héritière, akafuta machozi, akaenda zake. Sasa, kwa akina Pacifique wimbo haujaisha mpaka uwe na kipande cha kasi cha kuchezea dansi na majina ya watu yaitwe humo ndani. Akaongeza vyote viwili. Kabla Levi hajausikia, tayari ulikuwa kwenye simu za nusu ya Yeoville, na Pacifique akipaza sauti juu ya gitaa: "Mama Jeannine, mama mkwe wa Levi!"

"Eish, Pacifique, umenimaliza," Levi alisema. "Hata msichana mwenyewe sijamuuliza."

"Wimbo yenye haina majina ya batu, nani ataicheza?" Pacifique alijibu, bila hata chembe ya majuto.

Redio haikuupiga. Mtangazaji mmoja alimweleza Levi kwa upole kwamba nusu ya kwanza inawalaza wasikilizaji, na nusu ya pili inawaamsha wakiwa wamekasirika. Miezi ikapita. Levi akawa anaizunguka ile saluni kwa mbali kama paka aliyeiba nyama, na moyo ulimuuma kwelikweli, maana aliamini wimbo umekufa na posa imekufa nao.

Aliyemkamata ni Mama Jeannine, siku moja Levi akisubiri kuvuka kwenye robot, zile taa za barabarani. Alimshika mkono, akamkokota hadi saluni mbele ya wateja wote.

"Jina yangu iko mu wimbo," alisema. "Nilisha kuambia batu bote ba kanisa. Bazee benu ba kuleta posa, beko wapi?"

Levi akavua kofia. Alitafuta maneno ya wimbo wake, yakamkimbia yote.

"Héritière," alisema, "redio imekataa. Lakini nakuuliza mimi. Utanikubali?"

Héritière hakuacha kusuka.

"Mi nilikuwa nangoja weye, sikuwa nangoja redio," alisema. "Ndiyo, nakubali. Lakini siku ya harusi hautaimba."

Wateja waliangua kicheko. Na Levi, aliyehangaika mwaka mzima ili Johannesburg nzima imsikie, alikubali papo hapo.